Kuku Waliomkataa Bi Harusi

Nilipoposwa nilitoa sharti moja tu, na sharti lenyewe lilikuwa na manyoya. Nilimwambia mchumba wangu waziwazi: ukinioa mimi umeoa na kuku wangu, wote, mia na ushee, na wasipopata pa kukaa kule kwenu Kibarani, basi mimi nitabaki hapa hapa Takaungu nizeeke nikiokota mayai. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alipoona mimi sicheki, akakuna kichwa. Muda si mrefu akanitumia picha kwenye simu: mafundi wanasimamisha nguzo za banda nyuma ya nyumba yake. Hapo nikajua nimepata mume.

Kuku hao walikuwa wangu kwa jasho langu. Nilianza na vifaranga wachache kwenye kona ya ua wa shangazi, dada wa marehemu baba, aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa mdogo. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Shangazi hakuwapenda kuku hata chembe. Wananuka, alisema, wanapiga kelele, wanachakura mirehani yangu, halafu wanamtazama mtu kwa jicho moja kama wanamsengenya. Lakini aliniachia kona yangu, na kona ikawa banda, na banda likawa kazi yangu ya kula na kuvaa.

Kama kuna jambo moja nililolijua duniani, ni kwamba kuku wa mayai ni kiumbe wa mazoea. Mletee chakula saa zile zile, mtu yule yule, nguo ile ile, maji baridi, kivuli, asishtuliwe na chochote, naye atakupa yai bila kinyongo. Mbadilishie kitu, hata ndoo tu, atakununia. Atataga yai lenye ganda laini la kubonyea kidoleni, au hatataga kabisa, au atamgeukia mwenzake na kumdonoa mgongoni hadi manyoya yaishe. Nilikuwa nawahubiria watu habari hizi, wakiniona nakuja wanavuka njia.

Basi harusi ikakaribia, na shangazi akatangaza kwamba nitatawishwa.

"Siku hizi mnaolewa leo, jana mlikuwa sokoni mkinunua nyanya," alisema. "Uso mweusi kwa jua, visigino vimepasuka. Si mtoto wangu mimi! Wewe utakaa ndani kama nilivyokaa mimi."

Kutawishwa ni kufungiwa chumbani wiki kadhaa kabla ya harusi. Jua halikuoni, wanaume hawakuoni, na wewe huoni kitu ila kuta nne na uso wa somo wako, yaani yule mwanamke mtu mzima anayekufunda mambo ya unyumba. Anakupaka liwa ya msandali, anakusugua kwa singo, ule mchanganyiko wa manjano na manukato, mwili mzima mpaka ngozi inateleza, anakufukiza udi mpaka hata jasho lako linanukia. Mimi sikuwa na neno na hayo. Nani asiyetaka kunukia? Nilikuwa na swali moja.

"Na kuku nani atawalisha?"

"Mimi," akasema shangazi, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa anakwenda kung'olewa jino.

Chumba changu kilikuwa na dirisha dogo la kuelekea uani, nami nililala pale nimepakwa manjano na somo amenikalia karibu, masikio yangu yako bandani. Mfugaji huwajua kuku wake kwa sauti. Wakiwa na raha wana mguno fulani mrefu, wa kivivu, wanajisemea wenyewe wakichakura maranda. Ile sauti niliisikia siku za mwanzo, kisha ikapungua, kisha ikapotea. Badala yake nikawa nasikia kelele fupi fupi za hofu, mabawa yanapigwa ukutani, halafu kimya.

Na kwa nini wasihangaike? Shangazi alikuwa akiwaendea leo na dera jekundu, kesho na la manjano, kesho kutwa na la maua makubwa kama ya pazia. Anawalisha akikumbuka, mara asubuhi, mara jua la utosi, tena lilikuwa joto kali la kaskazi, la kukausha mate. Anafungua mlango, anawarushia chakula usoni, anakimbia! Isitoshe nyumba ilikuwa imejaa wanawake wa harusi. Walikuwa wakimaliza kuulizia habari zangu mlangoni, wanakwenda kuwatazama kuku. Jioni wanatoa pembe zao za vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusi, wanazigonga pale pale uani wakijifunza nyimbo za kunipeleka kwa mume. Mimi mwenyewe nyimbo zilinipandisha wazimu wa furaha, miguu ikicheza chini ya shuka. Kuku masikini walikuwa wakiruka hadi kwenye makuti.

Shangazi akaanza kuleta habari mbaya. Mwanzo mayai yalikuwa ndoo. Halafu yakawa beseni. Halafu akaja nayo kwenye kibakuli cha uji, na mengine yana ganda laini.

"Kuku wako wamepigwa jicho," akasema, amesimama mlangoni mikono kiunoni. "Wanawake wale wameingia bandani, wamewasifu, hakuna hata mmoja aliyesema mashaallah. Niliwasikia kwa masikio yangu."

"Si jicho, shangazi. Ni msongo. Wamefadhaika, kila kitu kimebadilika. Wana mawazo."

"Mawazo!" Akamgeukia somo. "Umesikia? Kuku ana mawazo! Ana karo ya kulipa? Ana mume anayechelewa kurudi?"

Somo alicheka hadi bakuli la liwa likamponyoka. Mimi sikucheka.

"Sasa nisikilize," akaendelea shangazi. "Wanakula, hawatagi, na mimi nina watu wa kulisha. Wasipoamka kufikia juma la harusi, wanaingia kwenye biriani. Nimeshaongea na mpishi, amesema atawachemsha kwanza walainike."

Jamani! Kuku wangu wachemshwe ili mimi niolewe! Nilimlilia, nikamsihi, nikasema nitoke siku moja tu, saa moja tu, niwaone, niwasemeshe. Akasema bi harusi kutoka nje ni mkosi, na kama nataka kuzika harusi yangu kwa ajili ya kuku nimwambie mapema arudishe mchele dukani. Somo akanirudisha mkekani kwa kunishika bega, akaendelea kunisugua.

Haikupita hata siku mbili tatu, adhuhuri, nimelala na singo imenikaukia usoni, nikasikia harufu ya ubani. Ubani na udi nilikuwa nimeuzoea, ulikuwa ndio hewa yangu. Lakini huu ulikuwa unatoka nje. Nikainuka hadi dirishani, nikachungulia, na nilichokiona sitakisahau. Shangazi na somo wamelizungushia banda langu mikeka ili moshi usitoke, na moshi mzito, mweupe, unapenya juu kwenye makuti. Walikuwa wameingiza chetezo bandani, mkaa umekolea, wanawafukiza kuku kuondoa husuda! Saa ile ya jua kali! Na shangazi anasoma dua kwa sauti kubwa, amejifunga leso yangu kuukuu niliyokuwa nikivaa nikiwahudumia kuku, ile iliyochujuka rangi, ili majivu yasiharibu dera lake.

Sijui nilivyotoka. Najua tu kwamba niliupita ukumbi mbio, nimejitupia shuka jeupe, uso na shingo manjano tupu, nywele zimesimama kwa mafuta, na wanawake waliokuwa wakichambua mchele walitawanyika wakipiga mayowe. "Bi harusi! Bi harusi katoka!" Mmoja alijifunika uso kama aliyemwona maiti. Nilirarua mikeka, nikakipiga teke chetezo kikabingirika nje, nikaingia.

Kuku wangu walikuwa midomo wazi, wanahema, mabawa wameyatanua kutafuta hewa. Moyo ulinipasuka. Nikawaita kwa sauti ile niliyowaita nayo siku zote, "Tuu-tuu-tuu, njooni mamangu," nikawanyooshea mikono.

Wakageuza vichwa wakanitazama. Wakaniona manjano, shuka linapepea, nanukia duka zima la manukato. Basi wakalipuka! Walinikimbia wote kwa pamoja, wakajazana kwenye kona moja, wakapandana, wa juu anamkanyaga wa chini, kelele kama paa linaanguka. Na kuku wakirundikana hivyo, wa chini hukosa pumzi wakafa. Nilikuwa nikiwahubiria watu jambo hilo, na sasa nililifanya mimi mwenyewe kwa mikono yangu miwili iliyonyooshwa kwa mapenzi. Kila nikisogea wanazidi. Nikaelewa, na nilielewa kwa uchungu kwelikweli, kwamba kitu kilichokuwa kikiwatisha kuliko vyote mle ndani kilikuwa mimi.

Nikarudi nyuma polepole hadi mlangoni. Shangazi alikuwa amesimama pale, amepigwa na butwaa, dua imemkatikia kinywani. Kuku mmoja akaiona ile leso. Akajichomoa kwenye rundo, akamjia. Wa pili akamfuata. Kisha wote wakaanza kumiminika, wakamzunguka miguuni, wakajisukuma kwenye pindo la leso wakihema.

"Wanataka nini?" akanong'ona shangazi, amekakamaa. "Lahaula! Wanataka nini kwangu?"

"Usikimbie," nikamwambia. "Shangazi, nakuomba, kwa haki ya baba yangu, usikimbie. Simama hapo hapo."

Akasimama. Jasho linamtiririka, macho kayafumba, kuku wangu wote wamemkalia miguuni, naye anasoma ayatul kursi kimyakimya. Kwa kuyaona hayo nilishikwa na kicheko cha ajabu, kicheko cha machozi, nikakaa chini kwenye mchanga nikacheka hadi singo ikapasuka usoni vipande vipande. Wanawake uani wakasadiki kwamba nimepandwa na shetani.

Rundo lilipokwisha pale konani alibaki kuku mmoja, amelala ubavu. Shangazi alimwinua kwa mikono miwili. Alikuwa bado wa moto, shingo inaning'inia.

"Nimemuua?" akauliza.

Hata mimi nilikuwa na mkono wangu katika kifo kile. Akamzika mwenyewe chini ya mnazi, wala hakuruhusu mtu amtanie.

Alasiri hiyo nilikuwa nimesharudishwa chumbani, somo amenisugua upya kwa hasira, shangazi akaja dirishani kwa nje. Hakuniangalia. Akasema, "Haya, niambie wanatakaje."

Nikamwambia. Vaa leso hiyo hiyo kila siku, hata ikichakaa. Nenda alfajiri na uende jua likilegea, usiwape chakula kizito saa ya joto. Usirushe, mimina. Tembea taratibu kama uliyebeba mtoto aliyelala. Maji yabadilishwe mara kwa mara, tia vipande vya barafu. Tundika magunia mabichi upande wa jua. Funga fungu la mchicha juu, wajishughulishe kulidonoa badala ya kudonoana. Wageni wasiingie, hata akija mke wa liwali. Na pembe za vugo zihamie kwa jirani.

"Na uwasemeshe," nikamalizia. "Mimi nilikuwa nawaimbia chini chini. Sauti iwe moja, isipande isishuke."

"Mimi siimbi."

"Basi sema chochote."

Na shangazi yangu, bibi wa heshima zake, akapata watu wa kumsikiliza. Kesho yake alfajiri nikamsikia kupitia dirishani, sauti ya chini, tuli, anamimina chakula huku akiwapa kuku habari za harusi nzima. "Yule mke wa mjomba wake amekuja na kipochi kitupu, nawaambieni, na sahani ya kwanza ya pilau ilikuwa yake. Na huyu somo, usimwone vile, anakoroma! Kuleni, kuleni mamangu." Mimi nimejiziba mdomo kwa mto. Somo akaniuliza nacheka nini, nikamwambia namfikiria mume wangu, akasema astaghfirullahi, vumilia.

Kila siku nikawa nasubiri umbea wa alfajiri kama watu wanavyosubiri mchezo wa redio. Nilijua nani kagombana na nani, nani kavunja kikombe akanyamaza, nani dera lake la kuazima. Kuku walijua zaidi yangu, maana nyakati nyingine shangazi alishusha sauti nikakosa sehemu tamu. Alipiga marufuku wageni bandani kwa ukali mpaka watu wakamnong'ona kwamba ameficha dhahabu mle. Na taratibu, kwanza mmoja mmoja, kisha wengi, ule mguno wa kivivu ukarudi. Nilipousikia nililia, na machozi yakaharibu liwa, nikapakwa tena.

Mayai hayakurudi upesi. Kuku akishanuna hulipiza. Juma la harusi likaingia, mpishi akaja kuulizia nyama, na mimi ndani nahesabu pumzi zangu. Kisha asubuhi moja shangazi akaingia chumbani bila kupiga hodi, manyoya kichwani, akaufungua mkono wangu, akanitilia yai la moto kiganjani.

"Ligonge," akasema. "Ligonge ukutani! Ganda gumu kama jiwe! Na huko nje kuna ndoo, ndoo nzima!"

Tulikumbatiana tukaruka pale chumbani, shangazi na miaka yake, mimi na mafuta yangu, somo anatutazama kama waliotoroka wodi. Mpishi akaambiwa biriani litakuwa la mbuzi. Nikaolewa nikiwa nang'ara, vugo likalia njia nzima, na nilipopitishwa karibu na banda nilipeleka macho upande ule kwa siri chini ya ukaya ulionifunika uso, nikijiambia, subirini kidogo, nawajia.

Fungate ilipokwisha mume wangu alikodi pikapu. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa: matenga yenye nafasi, maranda mapya bandani Kibarani, mapipa ya maji kivulini. Tulitoka na ubaridi wa asubuhi ili kuku wasipate joto njiani. Nilikuwa na furaha ya kitoto, nilimsemesha safari nzima, hata hakupata pa kuweka neno.

Tulimkuta shangazi bandani, ameketi kwenye kigoda katikati ya kuku, anawasimulia kitu. Nikatoa shikamoo, nikaingia. Kuku wakanyamaza. Wakajisogeza wote nyuma ya kigoda chake, wakanichungulia.

"Wamekusahau," akasema shangazi, si kwa ubaya.

"Watanikumbuka wakifika."

Akatazama matenga nje, akatazama mikono yake. "Uliniambia mwenyewe kuku habadilishiwi mtu. Hapelekwi pengine akiwa ametulia. Au hayo yalikuwa ya dirishani tu?"

"Shangazi, ni kuku wangu."

"Najua ni wako." Kuku mmoja akamrukia mapajani, naye akamshika mgongo bila hata kumwangalia. "Wewe nimekutoa kwa mikono yangu, na nimecheza, na nimepiga vigelegele. Lakini ukiniondolea na hawa, alfajiri nikiamka niseme na nani?"

Nilikuwa nimekuja na maneno tele. Nilikuwa na sharti langu, banda langu, jasho langu la miaka, na hasira ilinipanda kweli. Nikamtazama shangazi yangu amekaa pale, nikaitazama ile nyumba nyuma yake, milango yote wazi na hakuna mtu ndani. Mume wangu hakusubiri niseme. Nilimsikia huko nje anaanza kuyarudisha matenga matupu garini, moja baada ya jingine.

Shangazi alitufungia kreti ya mayai, akaizungushia kitambaa vizuri, akatusindikiza hadi kwenye gari kama wanavyosindikizwa wageni. Alinibusu mkono, nikambusu wake.

"Na siku ukija kuwaona, bisha hodi kwanza," akasema. "Mimi siku hizi huwabishia. Wanashtuka wakiingiliwa na mtu wasiyemjua."

"Inshallah, shangazi," nikasema. "Nitabisha."